Kadi ya Wagdi, Sehemu ya Saba: Jokofu Linalodaiwa Mara Mbili

"Imekataa," alisema Fundi Bahnasi, mwenye duka.

Hapo ndipo tulipomwacha Wagdi wiki iliyopita: katikati ya duka la samani mjini Dumyati, tabasamu limemganda usoni, na kadi yake ya mkopo imechomoza kwenye mashine kama ulimi wa mtu anayekejeli.

Kulia kwake alikuwa ameketi Haji Mitwalli, baba wa mchumba wake. Kushoto alisimama mchumba mwenyewe, Yumna, mwalimu wa hesabu. Mbele yao kulikuwa na kitanda, kabati la milango sita na meza ya kioo. Zilibaki pauni elfu arobaini, zilipwe kabla ya alasiri. Harusi ilikuwa Alhamisi ya wiki inayofuata, na Haji alikwisha kusema mbele ya mashahidi kwamba bila chumba cha kulala hakuna harusi.

"Jaribu tena," alisema Wagdi. "Mtandao huo."

"Nimejaribu mara tatu, ustadh. Mtandao huohuo umekubali kadi ya yule bwana wa Port Said sasa hivi. Na yule bwana kaipenda seti hii hii. Yuko hapo nje anamalizia chai yake."

"Basi mashine yako mbovu."

"Mashine mbovu!" Haji Mitwalli alicheka bila furaha. Mkononi alikuwa na tasbihi, na kila alipotaka kumchoma mtu alivuta punje moja. "Kijana, mimi nimenunua jokofu la binti yangu, futi kumi na sita, kwa pesa mkononi. Nimehesabu, nimelipa, nimebeba. Hakuna mashine iliyonitolea ulimi."

Akavuta punje.

Kwa wanaoanza nasi leo: Wagdi ni karani wa usajili wa ardhi mjini Tanta. Kazi yake ni kurudisha karatasi za watu. Alipata kumrudisha mjane mara tatu kwa sababu muhuri wa hati yake uligusa mstari wa pili. Hakuna herufi ya mtu mwingine inayompita.

Mkataba wa kadi yake ulikuwa na kurasa kumi na nne. Aliusaini kwa dakika mbili, akiwa amesimama, mahali alipoonyeshwa kwa kidole.

"Piga simu benki," alisema Yumna.

"Nitapiga tukifika nyumbani."

"Piga sasa. Kama ni mtandao, watasema ni mtandao."

Wagdi alipiga, akaigeukia kona ili asisikike. Yumna alinyoosha mkono, akaichukua simu taratibu kama anavyochukua karatasi ya mwanafunzi anayeibia mtihani, akaweka spika, kisha akailaza juu ya meza ya kioo.

"Huduma kwa wateja," ilisema sauti ya mwanamke. Ilikuwa laini na haikuwa na haraka yoyote. "Ili nithibitishe kwamba naongea na mwenyewe, nitajie jina la mama mzazi."

Fundi Bahnasi aliinua kichwa.

Msomaji aliyekulia huku anajua uzito wa swali hilo. Mwanamume yuko radhi kutaja mshahara wake sokoni kuliko kutaja jina la mama yake mbele ya wanaume wasio ndugu zake. Tangu shule ya msingi watoto wamepigana ngumi kwa ajili hiyo.

"Niulize tarehe ya kuzaliwa," alisema Wagdi.

"Hiyo nayo nitaiuliza. Kwanza jina la mama."

Wagdi aliinama mpaka pua ikagusa kioo. "Sittabuha," alinong'ona.

"Samahani, sikusikia."

"Sittabuha!"

Mafundi wawili waliokuwa wakipiga msasa mlangoni waliangaliana na kuinamisha vichwa, mabega yakiwatikisika. Fundi Bahnasi alikumbuka ghafla kwamba ana kazi ya kupanga misumari. Mtu mmoja tu hakucheka. Haji Mitwalli alikuwa akitazama dari, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Wagdi aliihesabu heshima hiyo kuwa dalili njema. Alikosea, lakini tusimharakishe.

"Asante, ustadh Wagdi. Malipo ya elfu arobaini yamekataliwa kwa sababu salio unaloweza kutumia ni elfu nane na mia tatu."

"Elfu ngapi?"

"Nane na mia tatu."

"Dada yangu, soma vizuri. Kikomo changu ni elfu sitini. Nilichukua elfu thelathini. Nimerudisha mafungu tisa, kila mwezi, sijachelewa hata siku moja. Nimebakiza elfu arobaini na tatu na zaidi. Hesabu ya mtoto!"

"Mafungu gani, ustadh?"

"Mafungu ya upatu!"

Hapo ilibidi Yumna avute kiti.

Ofisini kwa Wagdi upatu unaendeshwa na Madamu Inayat, mwanamke anayeogopwa kuliko mkaguzi. Watu ishirini, pauni elfu moja na mia tano kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anabeba elfu thelathini. Riba hakuna. Anayepewa zamu ya kwanza ndiye mwenye bahati, kwa kuwa anakula kwanza na kulipa polepole. Wagdi hakuwahi kuipata. Madamu Inayat humweka wa kumi na nane kila mara, kwa hoja kwamba bwana harusi mtarajiwa ni mtu wa kukimbia.

Sasa fikiria: benki inampa kadi, anatoa elfu thelathini kwenye ATM, na mwisho wa mwezi unakuja ujumbe kwamba kiasi cha chini cha kulipa ni elfu moja, mia sita na saba. Wagdi alifanya hesabu. Sehemu moja ya ishirini, na mia na kitu ya chai ya benki. Akatangaza ofisini, mbele ya Madamu Inayat, kwamba benki imempa zamu ya kwanza.

Ujumbe ulikuwa na mistari sita. Alisoma huo mmoja.

"Ustadh," ilisema sauti, "kiasi cha chini ni asilimia tano ya deni. Ukikilipa, tunaacha kukuandika kama mtu aliyechelewa. Faida yake inaishia hapo. Riba inaendelea kwenye deni lililobaki, asilimia nne kwa mwezi."

"Lakini kuna siku hamsini na tano bila riba! Yule afisa wenu aliniapia!"

"Alisema kweli. Ni kwa manunuzi ya dukani, kama unalipa deni lote ifikapo tarehe ya mwisho. Kutoa pesa taslimu hakumo. Pale riba inaanza siku ileile, na kuna ada ya kutoa, ambayo kwako ilikuwa mia tisa. Iko ukurasa wa sita."

"Kwa hiyo nimelipa kiasi gani, na nimepunguza kiasi gani?" Sauti ya Wagdi ilikuwa imepungua nayo.

"Umelipa elfu kumi na tatu na mia nane. Deni hilo limeshuka kutoka elfu thelathini na mia tisa hadi elfu ishirini na saba na mia saba."

Yumna hakuhitaji kalamu. "Amelipa elfu kumi na tatu na mia nane ili kupunguza elfu tatu na mia mbili."

"Ndiyo, bibie."

Haji Mitwalli aliinuka. Huyu mzee alikuwa na uso wa mtu aliyesubiri miezi tisa kusikia neno moja, na sasa amelipata.

"Elfu thelathini taslimu," alisema polepole. "Miezi tisa iliyopita. Wakati wa posa." Alielekeza tasbihi kwenye bangili iliyokuwa mkononi mwa Yumna. "Hiyo dhahabu uliyomvisha binti yangu mbele ya watu, ukapigiwa vigelegele. Ni ya benki?"

"Ami, ni yangu. Nimeichukua kwa..."

"Umemvisha binti yangu riba!"

"Baba, punguza sauti," alisema Yumna.

"Nipunguze nini? Mtu ana kazi ya serikali, ana miwani, kumbe kichwani ana tambi! Mimi jokofu nimelinunua kwa pesa mkononi!" Haji aliingiza mkono ndani ya koti, akachomoa karatasi iliyokunjwa. Kitu cha kijani kilichungulia nyuma yake, naye akakisukuma ndani haraka. "Hii ndiyo Orodha ya vyombo uliyotakiwa kuisaini leo. Kila chombo anachoingia nacho binti yangu kimeandikwa, na saini yako inasema unadaiwa hicho mpaka siku ya kufa. Nitampaje orodha mtu ambaye hata kadi inamkana?"

Akaishika karatasi kwa mikono miwili, tayari kuichana.

"Ustadh Wagdi, bado uko kwenye simu?" iliuliza sauti. "Kwa sababu hesabu haijaisha. Elfu ishirini na saba na mia saba ukizitoa kwenye sitini, zinabaki thelathini na mbili na mia tatu. Zingekuwa pungufu kwa kitanda chenu vilevile. Lakini wewe umebakiza nane tu."

"Zilizobaki zimeliwa na nani?" Wagdi alikaribia kulia. "Riba tena?"

"Hapana. Kadi ya nyongeza."

Wagdi alikumbuka. Kabla ya posa aliomba kadi ya pili kwa jina la Yumna, siku yenyewe akamkabidhi katika bahasha yenye utepe, akaeleza wageni kwamba mchumba wake naye sasa ana elfu sitini zake.

"Ile ina elfu sitini nyingine," alisema.

"Elfu sitini ni zilezile, ustadh. Kadi mbili, mfuko mmoja. Na anayedaiwa ni wewe, hata akitumia mwenzio. Tarehe tatu mwezi huu, kadi yenye jina la Yumna Mitwalli, duka la vifaa vya umeme, Tanta. Elfu ishirini na nne. Jokofu."

Msasa mlangoni ulisimama.

"Futi ngapi?" aliuliza Fundi Bahnasi, ambaye hakuulizwa kitu.

"Mimi sijawahi kuitumia kadi hiyo," alisema Yumna. "Iko nyumbani, kwenye droo, ndani ya bahasha yake, pamoja na ile karatasi ya namba ya siri."

Hakuna aliyemtazama Haji Mitwalli, ndiyo maana kila mtu alimwona. Tasbihi ilikuwa imesimama.

"Baba."

"Nilikuwa na nia ya kurudisha."

"Baba, ulisema umehesabu, umelipa, umebeba."

"Kubeba nimebeba kweli."

"Na zile pesa mkononi?"

"Kuna mambo ya kheri niliyoyatanguliza," alisema Haji, akitafuta pa kuweka macho. "Mwanangu, mtu akifika umri wangu ana mambo yake na Mola wake."

Wagdi alikuwa na kasoro nyingi, lakini karani aliyekuwa ndani yake hakuwa amekufa. Aliichukua Orodha kutoka mikononi mwa mzee, akaisoma, safari hii kila mstari, mpaka wa saba.

"Jokofu, futi kumi na sita," alisoma. "Limeletwa na bibi harusi. Mimi nasaini kwamba nalidaiwa." Akainua uso. "Ami, jokofu hili nadaiwa na benki kwa sababu mimi ndiye niliyelinunua. Na ulitaka nidaiwe na mwanao kwa sababu wewe ndiye uliyelinunua. Jokofu moja, nalidaiwa mara mbili!"

"Na halijawashwa hata siku moja," alisema Fundi Bahnasi.

"Nyamaza, Bahnasi!" walisema wote wawili, baba mkwe na mkwe, kwa umoja ambao haukuwahi kuonekana tangu posa.

Furaha ya Wagdi iliishi kama dakika moja. Alinyoosha mgongo, akarekebisha miwani, na angesema mengi kama Yumna asingepiga meza kwa kiganja.

"Usijisifu. Baba kaiba elfu ishirini na nne, wewe umeacha mlango wazi. Benki inakutumia ujumbe kila kadi inapoguswa. Ulipata ujumbe tarehe tatu?"

"Nilipata... kitu."

"Ukasoma?"

"Ulikuwa mrefu."

"Mjane wa watu unamrudisha mara tatu kwa muhuri!"

Wagdi alitazama viatu vyake. Kisha akapata wazo, na wazo la mtu aliyebanwa huja likiwa limevaa vizuri. "Basi nitaomba kadi benki nyingine. Nailipa hii kwa ile."

"Unaweza kuomba, ustadh," ilisema sauti mezani. "Kila ombi linaandikwa kwenye rekodi ya mikopo, nao wataona unadaiwa elfu hamsini na moja na mia saba na mshahara wako ni kiasi gani. Wakikukataa, na wale wa baadaye wataona umeomba."

"Dada, wewe uko upande wa nani?"

"Niko huduma kwa wateja."

Nje, bwana wa Port Said aliweka gilasi chini na kuchungulia dirishani. Fundi Bahnasi alijikohoza kwa maana.

Yumna alifungua mkoba. Alitoa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa mpira, akaiweka mezani kando ya simu. "Elfu thelathini. Upatu wa walimu. Zamu yangu ilifika jana."

Macho ya wanaume watatu yaliigeukia bahasha. Mkono wa Wagdi uliisogelea wenyewe.

"Toa mkono. Hizi si za kabati." Yumna aliinamia simu. "Dada, tukilipa lile deni la pesa taslimu lote leo, riba inakoma?"

"Bibie, malipo yakiingia, kwanza yanafuta riba na ada, kisha deni. Riba ya siku zilizopita tangu taarifa ya mwisho itatokea mwezi ujao. Omba kiasi halisi cha kufunga kwa tarehe ya leo, usilipe kwa kukisia. Na jokofu likilipwa lote kabla ya tarehe ishirini na nane, halitakuwa na riba, mradi lile la kwanza mmelimaliza."

"Jokofu atalilipa aliyelibeba. Kabla ya tarehe ishirini na nane," alisema Yumna. Haji alianza kuvuta punje, akauona uso wa binti yake, akaiacha. "Fundi, utatuuzia kitanda peke yake, kwa mafungu, bila kadi?"

"Kitanda bila kabati, bibi harusi? Na nguo?"

"Zitakaa kwenye masanduku. Nguo hazidai riba."

Wagdi alimtazama Yumna kwa shukrani. Mwanamke huyu alikuwa anamuokoa. Alhamisi ilikuwa bado ipo.

"Ngoja," alisema Yumna. Alivua pete ya uchumba, akaiweka juu ya meza ya kioo, kati ya simu na bahasha. "Chumba bila kabati naweza kulala. Kulala na mtu nisiyejua kesho ataibuka na nini, siwezi. Nakuuliza mara moja, Wagdi, mbele ya baba na mbele ya hawa. Ukisema kweli, nairudisha kidoleni, hata kama kweli yenyewe ni mbaya. Kuna kingine?"

"Hakuna."

"Fikiri kwanza."

"Wallahi hakuna! Umeshasikia yote. Kadi yangu, kadi yako, basi. Kama kuna kingine, pete hiyo usiivae tena."

Yumna aliichukua pete. Ilikuwa imefika kwenye kucha.

"Ustadh Wagdi," ilisema sauti, "samahani kukuingilia. Unasema kadi mbili. Mimi hapa naona tatu."

Pete ilisimama.

"Siku ileile uliomba nyongeza ya pili. Ada ya mwaka wa kwanza ilikuwa bure, huenda ndiyo maana umesahau. Jina ni lile uliloniambia mwanzo."

"Mama," alisema Wagdi, rangi ikimtoka. "Nilimpa mama. Nilimwambia aiweke kabatini tu, kwa dharura. Yumna, naapa nilisahau, mama hajui hata pa kuichomeka..."

"Imetumika dakika nne zilizopita," ilisema sauti. "Elfu nane na mia mbili. Wakala wa safari za Umra, Tanta. Salio lako sasa ni pauni mia moja. Kuna kingine nikusaidie?"

Sauti iliwatakia siku njema, ikakata.

"Umra," alisema Fundi Bahnasi kwa unyenyekevu. "Hapo mtu atasema nini? Utamrudisha mama kutoka kwenye nyumba ya Mungu kwa sababu ya kabati?"

Simu ilitetemeka juu ya kioo. Ujumbe wa Sittabuha ulijitandaza kwenye skrini, na kwa kuwa Wagdi alikuwa amefumba macho, Yumna ndiye aliyeusoma, kwa sauti ya darasani.

"Mwanangu, kadi yako ina baraka. Nimemalizia tiketi zetu zote mbili. Usimwambie mtu bado. Haji anataka awaambie mwenyewe, akirudi kutoka Dumyati."

Akausoma tena, kimoyomoyo. Kisha akamgeukia baba yake, aliyefiwa na mke miaka minne iliyopita, ambaye jina la Sittabuha lilipotajwa mwanzo alikimbilia kutazama dari, na sasa alikuwa akiitazama tena. Ncha ya kitu cha kijani ilikuwa imechomoza tena kwenye koti lake.

Yumna aliishika pete mkononi, hakuivaa wala hakuiweka chini.

"Baba," alisema, "hiyo pasipoti mfukoni mwako, unakwenda nayo wapi, na mama yake Wagdi ni nani kwako?"